Bedford katika Nyanda za Juu Kusini: Lori la Kampuni ya Kimarekani Lililokuja kwa Pauni

Miongoni mwa magari ya mizigo yaliyotumika Iringa na Mbeya tangu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia hadi miaka ya 1980, Bedford lilikuwa mojawapo ya yale yaliyozoeleka zaidi, na wengi walilihesabu kuwa gari la Kiingereza kwa kuwa lilitengenezwa Luton na baadaye Dunstable, kaskazini ya London. Hesabu hiyo ilikuwa na ukweli nusu tu, maana kiwanda kilikuwa mali ya General Motors ya Detroit, na lori lenyewe lilizaliwa kutokana na Chevrolet. Ubora na udhaifu wa Bedford vilijulikana vyema na madereva wake, lakini anayefuatilia kwa makini jinsi lilivyofika, lilivyodumu na lilivyotoweka katika Nyanda za Juu Kusini atakuta kwamba kila mara neno la mwisho lilisemwa na fedha za kigeni.

General Motors ilinunua kiwanda cha magari cha Vauxhall mwaka 1925 kwa dola milioni 2.5, na katika miaka iliyofuata ikahamishia Luton kazi ya kuunganisha malori ya Chevrolet ambayo awali ilifanyika Hendon, pembezoni mwa London. Kuunganisha, katika biashara ya magari, ni kupokea vipande vilivyotengenezwa kwingine vikiwa ndani ya makasha na kuvifunga pamoja mpaka gari likamilike. Mwaka 1931 kampuni ilianza kuunda lori lake hukohuko Uingereza, ikalipa jina la Bedford kutokana na Bedfordshire, jimbo lenye mji wa Luton, ingawa injini yake ya petroli ya silinda sita, yenye vali juu ya silinda, ilifuata kwa karibu mtindo wa Chevrolet.

Jina hilo la Kiingereza lilisaidia mauzo katika sehemu kubwa ya himaya ya Uingereza, ambako bidhaa za Kiingereza zilitozwa ushuru mdogo kuliko za mataifa mengine, utaratibu uliotiwa nguvu katika mkutano wa Ottawa wa mwaka 1932. Tanganyika haikuwamo katika utaratibu huo. Ikiwa nchi ya udhamini iliyokabidhiwa Uingereza na Shirikisho la Mataifa, na ikiwa pia ndani ya eneo la mikataba ya Bonde la Kongo iliyofanyiwa marekebisho Saint-Germain mwaka 1919, ilikatazwa kubagua bidhaa kwa kuangalia zilikotoka, kwa hiyo Chevrolet na Ford zilizotoka moja kwa moja Amerika ya Kaskazini zililipa ushuru uleule uliolipwa na gari la Kiingereza. Kwa mnunuzi wa Iringa hilo lilitosha kumaliza shauri, kwa sababu magari ya Kimarekani yaliinuka zaidi kutoka ardhini na injini zake zilikuwa na nguvu za kupanda milima bila kutokota kila baada ya kona. Katika miaka ya 1930, machimbo ya dhahabu ya Lupa huko Chunya yalipokuwa yamepamba moto na mizigo ikishushwa katika stesheni za Dodoma na Itigi za Reli ya Kati ili imalizie safari kwa lori, soko la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa bado wazi kwa Mmarekani aliyekuja na jina lake mwenyewe.

Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1945. Wakati wa vita kiwanda cha Luton kilitengeneza zaidi ya malori 250,000 kwa ajili ya majeshi, na askari wengi wa Afrika Mashariki walirudi makwao wakiwa wamefundishwa udereva na umakanika juu ya magari ya kijeshi. Lakini jambo zito zaidi lilikuwa upungufu wa dola. Nchi zilizotumia pauni, au sarafu iliyofungamanishwa na pauni, zilijulikana kwa pamoja kama Kanda ya Sterling, na dola zao ziliwekwa katika mfuko mmoja uliosimamiwa London. Tanganyika, iliyotumia shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ilikuwa mwanachama wa kanda hiyo. Mfanyabiashara aliyetaka lori la kulipiwa kwa dola alipaswa kupata leseni ya kuagiza, nayo ilitolewa kwa ubahili, ilhali aliyetaka Bedford, Austin, Commer au Morris alilipa kwa pauni na kusubiri meli. Hivyo kampuni ya Detroit, iliyofungiwa mlango wa mbele kwa Chevrolet, ilipitisha mtoto wa Chevrolet mlango wa nyuma. Ushuru haukuwa umelipa Bedford nafasi Tanganyika; uhaba wa dola ulilipa.

Thamani ya lori la tani tano au saba katika nchi hii hueleweka vizuri kwa kuangalia mahali kama Madibira. Kijiji hicho, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kipo kando ya Mto Ndembera, unaoteremka kutoka vilima vya Mufindi na kuingia bonde la Usangu kabla ya kuishia katika ardhioevu ya Ihefu; Wabenediktini wa Kijerumani walijenga misheni hapo mwishoni mwa karne ya 19, wakati ambapo kila kitu, kuanzia chumvi hadi kengele ya kanisa, kilifika kichwani mwa mpagazi. Barabara ya Rujewa–Madibira–Mafinga ina urefu wa takriban kilomita 150, na sehemu yake ya bondeni hupita kwenye mbuga, yaani ardhi tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hunata kiasi cha kumeza gurudumu hadi kitovu. Kilimo cha mpunga, kilichopanuka Usangu katika enzi ya ukoloni kwa juhudi za wenyeji pamoja na familia za Wabaluchi waliohamia huko, hakingeweza kuwa kilimo cha biashara bila chombo cha kuutoa mpunga bondeni. Ilikuwa heri kwamba mavuno yaliangukia miezi ya kukauka kwa njia. Mbolea, chumvi, mafuta ya taa na nguo, vilivyohitajika pia wakati wa mvua, havikuwa na heri hiyo.

Lori jipya mara nyingi liliuzwa likiwa chesisi, yaani fremu ya chuma yenye injini, kibanda na magurudumu lakini isiyo na mahali pa kubebea mzigo, na mwenye lori ndiye aliyeagiza bodi kwa maseremala, wengi wao wakiwa mafundi wa Kihindi katika miji. Bodi ya mbao ilikuwa na faida ambayo wauzaji wa bodi za bati hawakupenda kuikiri: ubao uliovunjika ulibadilishwa popote palipo na msumeno. Lori hilo halikujua tofauti kati ya mzigo na abiria, kwa hiyo magunia yalipangwa chini na watu wakakaa juu yake, pamoja na kuku na baiskeli. Nyuma alikaa utingo, msaidizi wa dereva ambaye pia huitwa taniboi, na kazi yake iliyoonekana duni ndiyo iliyookoa roho za watu, kwani kwenye mlima alitakiwa kuruka chini gari likiwa bado linakokota mwendo, akatia gogo nyuma ya gurudumu kabla lori halijaanza kurudi nyuma. Penye mbuga alichimba kwa jembe mbele ya magurudumu, akatandika matawi, na abiria walioweza kusukuma walisukuma bila kuambiwa kwamba nauli ingepunguzwa.

Aina mbili za Bedford ndizo zilizokuja kujenga sifa ya chapa hiyo katika Afrika Mashariki. Ya kwanza ni TJ ya mwaka 1958, lori lenye pua ndefu na boneti ya kufunuliwa mbele, ambalo halikuwa na jambo la ajabu na kwa sababu hiyo hiyo lilipendwa. Ya pili ni TK, iliyotoka mwaka 1960, ambayo wabunifu wake waliondoa pua na kuiweka injini nyuma ya viti, huku wakiacha vifuniko vya bati vya kufunguliwa pande zote mbili, nyuma tu ya milango. Katika malori mengi yasiyo na pua, fundi hulazimika kufanya kazi akiwa amejikunja ndani ya kibanda, au kukiinua kibanda kizima; kwenye TK alisimama chini kando ya gari, akafungua kifuniko, na pampu ya dizeli, nozeli na mikanda vikawa mbele ya kifua chake. Kwa gereji ya Iringa yenye mafundi wengi na vifaa vichache, ubunifu huo ulikuwa na maana kubwa kuliko tofauti ya nguvu za injini iliyotangazwa katika vijitabu vya mauzo.

Miaka ya faida kubwa ilifika kwa njia ya siasa. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine badala ya zile za kusini, na petroli ikaanza kupakiwa kwenye mapipa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, nayo shaba ikirudi kwa njia hiyohiyo. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope kwa sehemu kubwa, milima kama Kitonga ikiua breki na watu, na madereva wa kigeni wakaipa jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Mwenye lori moja au mawili ya aina yoyote aliona mlango wa riziki. Lakini biashara hiyo haikubaki mikononi mwa wadogo: mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia ziliunda kampuni ya pamoja ya usafirishaji na wabia wa Kiitaliano, ikaja na Fiat kubwa zenye tela, bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa mwaka 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Bedford lilirudi kwenye kazi lililoiweza zaidi, yaani njia za pembeni, kutoka shamba hadi lami.

Huko pembeni ndiko lilikokutwa na uhaba mwingine, safari hii uhaba wa Tanzania yenyewe. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya ukafungwa, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikayachukua malori na mabasi ya raia kwa ajili ya jeshi. Uagizaji wa magari na spea ulikuwa chini ya shirika la umma, na kibali kilitegemea akiba ya Benki Kuu ambayo ilikuwa imekauka. Hata kuendesha gari Jumapili mchana kulipigwa marufuku ili kuokoa mafuta. Magari mapya yaliyoingia yalifuata misaada na mikopo: Scania, kwa mfano, ilitoka Sweden na kuunganishwa Kibaha. Bedford halikuwa na mfadhili wa namna hiyo. Aidha, baada ya kutaifishwa kwa majengo ya kupangisha mwaka 1971, familia nyingi za Kiasia ziliondoka nchini, na pamoja nazo wakaondoka baadhi ya mafundi na wenye maduka ya spea.

Wenye Bedford waliobaki na magari yao hawakuwa na la kufanya ila kuyatunza kwa akili. Magari mawili mabovu yalitoa moja zima, na lile lililotolewa viungo lilisemwa kuwa limechinjwa. Bushi, yaani kikombe cha chuma kinachozuia vyuma viwili kusagana, ilikerezwa kwa mashine. Gasketi ilikatwa kutoka karatasi ngumu. Jani la springi lililovunjika lilifungwa kwa vipande vya tyubu mpaka gari lifike mjini. Injini iliyokufa kabisa ilibadilishwa kwa injini ya chapa nyingine, fundi akichomelea vishikio vipya na kurefusha au kufupisha shafti, na lori likaendelea kuitwa Bedford kwa sababu ya uso wake. Sifa ya ugumu ambayo wazee wa barabara hulipa lori hili haina budi kugawanywa: sehemu ni ya Luton, na sehemu, pengine kubwa zaidi, ni ya mafundi wasiokuwa na gari lingine la kununua.

Uamuzi wa kulizika ulifanywa mbali. Mwanzoni mwa mwaka 1986 General Motors ilikuwa katika mazungumzo ya kununua malori ya Leyland pamoja na Land Rover, ili iyaunganishe na Bedford, lakini wananchi na wabunge wa Uingereza walipiga kelele kwamba Land Rover isiangukie mikononi mwa Wamarekani, na mpango ukavunjika. Baadaye mwaka huohuo kampuni ilitangaza kuacha malori ya kati na makubwa ya Bedford. Kiwanda cha Dunstable kikauzwa mwaka 1987, na mrithi wake akafilisika mwaka 1992. Ni mzaha wa historia kwamba Land Rover, gari lililopishana na Bedford kila siku kati ya Iringa na Mbeya, ndilo lililokuwa na mkono katika kifo chake.

Tanzania nayo ilikuwa imefungua mlango. Tangu mwaka 1984 aliyekuwa na fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa, na mwaka 1986 serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Malori ya Kijapani yaliingia, Isuzu na Fuso yakiwa mbele, yakiwa na usukani upande uleule na spea madukani. General Motors haikutoka mikono mitupu, kwa kuwa ilikuwa na hisa katika Isuzu tangu mwaka 1971, na kiwanda chake cha Nairobi kiliendelea kuunganisha Isuzu mpaka hisa zake zilipouzwa kwa Isuzu mwaka 2017.

Pakistan ni mfano wa kulinganisha. Huko Bedford liliunganishwa Karachi, na viwanda vidogo vikazoea kutengeneza spea zake kwa rupia, hivyo malori yenye pua, yaliyopambwa kwa rangi na nakshi, yaliendelea kubeba mizigo miongo mingi baada ya Dunstable kufungwa. Iringa na Mbeya hazikuwa na viwanda vya namna hiyo, na lori liligeuka malighafi: springi zikawa panga na majembe mikononi mwa wahunzi, kwa kuwa chuma chake hushika makali, na katika Mkoa wa Mbeya, ambako mradi wa kueneza matumizi ya maksai ulianza mwaka 1987, ekseli za magari chakavu zilitumika kuundia magari ya ng'ombe. Skimu ya umwagiliaji ya Madibira, yenye takriban hekta 3,000 na iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilipoanza kutoa mavuno yake, mpunga ulitolewa majarubani kwa matela ya trekta na magari ya ng'ombe, kisha ukapakiwa kwenye Fuso kuelekea Mafinga na Rujewa.