Mpaka Mmoja, Maneno Mawili

Kiingereza kina "boundary" na kina "border". Sisi tuna mpaka, basi. Mpaka wa shamba, mpaka wa kaunti, mpaka wa Kenya na Uganda: neno ni lile lile. Kwingine halina shida. Lakini Busia na Malaba, ambako kila mji una pacha wa jina lake upande wa Uganda, maneno hayo mawili ni vitu viwili, na kuvichanganya kuliwahi kutusogeza karibu na vita.

"Boundary" ni mstari. Unasema hapa ni pa huyu na pale ni pa yule, hata kama hakuna anayeulinda. Kati ya kaunti za Busia na Siaya mstari kama huo upo, na ukiuvuka hakuna atakayekuuliza kitambulisho. "Border" ni mahali: geti, askari, foleni ya malori, watu wa kubadilisha pesa. Sasa, mstari unaweza kukaa miaka mingi bila geti. Ndivyo ilivyokuwa hapa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Kisumu na Naivasha zilikuwa ndani ya Uganda, katika Mkoa wake wa Mashariki. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliuhamisha mkoa huo ukawa sehemu ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Sababu mojawapo ilikuwa reli: walitaka yote iwe chini ya utawala mmoja. Mwaka 1926 amri nyingine kutoka London ikaueleza mstari kwa kufuata mito, ikiwemo Sio, Malaba na Lwakhakha. Wasamia wakajikuta pande zote mbili. Wateso vilevile.

Hata hivyo ulikuwa mstari tu. Bwana mkubwa alikuwa mmoja, na tangu 1917 Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha. Mambo yalibadilika na uhuru: Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Mstari haukusogea hata hatua moja, lakini sasa ulitenganisha serikali mbili, na kila serikali ilitaka geti lake. Hapo ndipo "boundary" ilipopata "border".

Na wananchi wakaielewa haraka kuliko wanasheria. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1960, kwa sababu geti na geti pale Busia yalikuwa mbalimbali, vijana wa baiskeli walianza kubeba abiria na mizigo katikati, wakiita "boda boda!" Leo neno hilo liko Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Angalia walilochagua: hawakuita "boundary". Nani atalipa nauli apelekwe kwenye mstari?

Halafu ikaja Februari 1976. Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda kihistoria. Kuhusu 1902, hakutunga: ardhi ilihamishwa kweli. Lakini mwaka 1964 viongozi wa Afrika walikuwa wamekubaliana mjini Cairo kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, wakijua kwamba ukifufua mstari mmoja wa zamani, umefufua yote. Kenya ilikataa kata kata, na Amin akarudi nyuma.

Tofauti na yeye, waliofungua kituo cha pamoja cha Busia mwezi Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni, hawakugusa mstari. Waligusa geti. Sasa msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja. "Border" imelegezwa, "boundary" iko pale pale mtoni.

Kwa hiyo ukisikia mtu jukwaani anasema "tuondoe mipaka", usipige makofi haraka. Muulize kwanza: mheshimiwa, upi? Ukisema geti, mama anayevusha nyanya Busia atakuunga mkono. Ukisema mstari, basi umerudi kwa Amin.