Shilingi kwa Shilingi

Sisi wa Mununga, ufukoni mwa Ziwa Mweru, tunaochangia skuli ya kijiji, yafaa tuijue habari hii.

Mwaka 1945 Aga Khan wa Tatu, Sultan Mohamed Shah, aliasisi huko Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki. Kanuni yake ilikuwa hii: kwa kila shilingi waliyochanga Waislamu wa Kiafrika ili kujenga msikiti au skuli, naye aliongeza shilingi. Basi mwanakijiji hakuwa mwombaji. Alitangulia kutoa, ijapokuwa ni thamani ya kuku mmoja. Nami naona hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya kanuni ile, kwani jengo la kupewa bure halina wa kuliezeka likivuja.

Lakini kujenga ni jambo jepesi. Mwalimu hula kila siku, na mchango wa mara moja haumlishi.

Mwaka 1968 Jumuiya ilipigwa marufuku Tanzania. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia skuli za binafsi mikononi mwa serikali. Watoto waliendelea kusoma. Waliochanga hawakuwa tena na kauli.