Shirley Temple Black

Shirley Temple Black (23 Aprili 1928 – 10 Februari 2014) alikuwa Mmarekani aliyevuma utotoni kama nyota wa filamu, kisha ukubwani akawa mwanadiplomasia. Alizaliwa Santa Monica, California, na kati ya 1935 na 1938 hakuna nyota wa Hollywood aliyejaza kumbi za sinema kumshinda.

Wapo wanaodai vyeo vyake vya baadaye vilikuwa zawadi ya umaarufu. Hoja hiyo ina uzito, kwani marais wa Marekani huwapa ubalozi watu wengi wasio wanadiplomasia. Lakini mwaka 1967 jina hilohilo halikumpatia kiti cha Bunge. Kilichombeba zaidi ni kujua kuzungumza na umma. Mwaka 1972, saratani ya titi ilipokuwa ikitajwa kwa kunong'ona, alifanyiwa upasuaji, akawaita waandishi wa habari hospitalini akiwa bado kitandani, akawahimiza wanawake wasiogope kupimwa. Alikuwa balozi nchini Ghana (1974–1976), kisha mwanamke wa kwanza kuongoza itifaki ya serikali ya Marekani, na hatimaye balozi Chekoslovakia (1989–1992), utawala wa kikomunisti ulipoanguka. Prague hakuwa mgeni: Agosti 1968 alikuwa mjini humo vifaru vya Kisovyeti vilipoingia.