Viashiria vya hatari katika maumivu ya mgongo uzeeni

Madaktari waliosomea kwa Kiingereza huita “bendera nyekundu” mambo yanayowafanya washuku kuwa maumivu ya mgongo yana chanzo kizito. Jina hilo lilienea kupitia miongozo ya tiba ya miaka ya 1990, ukiwamo wa Marekani wa 1994. Kliniki zetu zina msemo uliozoeleka, “dalili za hatari”, ambao kina mama wajawazito huufahamu vizuri.

Kwa mgongo wa mzee, msemo huo haujitoshelezi. Dalili ni kile mgonjwa anachohisi au kinachoonekana mwilini. Umri mkubwa, saratani iliyotibiwa zamani au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi si dalili, ila vyote humfanya daktari awe macho. “Viashiria vya hatari” hubeba dalili na historia kwa pamoja.

Mzee ambaye mifupa yake imepungua uimara anaweza kuvunjika pingili ya mgongo kwa kuteleza kidogo tu, au kwa kuinua ndoo ya maji. Maumivu humjia ghafla, na pingili zikiendelea kubonyea kimo hupungua na mgongo hupinda. Homa, jasho la usiku na kukonda huelekeza kwenye kifua kikuu cha uti wa mgongo. Maumivu yasiyotulia hata akilala, kwa mtu aliyewahi kuugua saratani ya titi au ya tezi dume, huzua shaka kwamba saratani imehamia mifupani.

Kundi moja halingoji kesho: miguu kulegea, ganzi sehemu za siri na matakoni, mkojo kuziba, au haja kumtoka mtu bila kujizuia. Hapo huenda mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo imebanwa, na akicheleweshwa anaweza kubaki na ulemavu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hata hivyo, kiashiria si hukumu. Utafiti wa Australia uliochapishwa 2009 ulifuatilia wagonjwa 1,172 wenye maumivu mapya ya kiuno. Takriban asilimia 80 walikuwa na angalau kiashiria kimoja, lakini waliokutwa na tatizo zito ni 11 tu, na 8 kati yao walikuwa wamevunjika mfupa. Kwa hiyo kiashiria kimoja peke yake mara nyingi hakisemi mengi; uzito huja viashiria vinapoungana, kwa mfano umri pamoja na kuanguka, au kukonda pamoja na homa.

Kwa kuwa viashiria vingi ni historia, kipimo hakiwezi kuvifichua vyote. Anayempeleka mzee kliniki asiishie kusema “mgongo unamsumbua, ni uzee tu”. Ataje ameanguka lini, amepungua uzito kiasi gani, anatumia dawa zipi, na saratani aliyotibiwa hata kama ni miaka mingi iliyopita.