Filamu na Historia ya Tanganyika: Nani Alishika Kamera?

Katika madarasa yetu ya siasa tunazungumza sana juu ya njia kuu za uchumi: ardhi, viwanda, mabenki, reli. Ni mara chache tunauliza kamera ilikuwa mikononi mwa nani. Hata hivyo picha waliyo nayo watu wengi wa ulaya juu ya nchi yetu, na picha ambayo baadhi yetu tunayo juu ya babu zetu wenyewe, haikutoka vitabuni. Ilitoka kwenye kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani. Tutazichunguza hapa filamu chache zilizopigwa Tanganyika, au zilizotengenezwa kuihusu, ili tuone kila moja ilitumikia maslahi ya nani.

Mwaka 1926 Mwingereza mmoja, L. A. Notcutt, alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge katika Kenya na Tanganyika. Aliona kwamba sinema ya shambani ingeweza kusaidia kuwafanya manamba waridhike na watulie. Makada wasome jambo hili mara mbili. Hakuanza na elimu, wala hakuanza na utamaduni. Alianza na tatizo la mwajiri, yaani namna ya kumweka mfanyakazi shambani bila kumwongezea mshahara. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa, mwaka 1935, mpango wa filamu za elimu kwa Wabantu, wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Fedha kubwa zilitoka kwa Carnegie Corporation ya New York, usimamizi ukatoka kwa baraza la kimataifa la wamisionari, na serikali za kikoloni zikaunga mkono. Hadi mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu fupi zipatazo 35. Picha zilikuwa bubu, sauti ikapigwa kwenye santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine, na lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Moja ya filamu hizo ilihusu benki ya akiba ya posta. Wafanyakazi wawili wa shamba wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ndani ya nyumba, mwizi anazichukua. Mwenzake anapeleka zake posta, naye anafanikiwa. Hadithi inaeleweka na ushauri wenyewe si mbaya. Lakini tazama kisichoonyeshwa. Mwizi katika filamu ni Mwafrika mwenzao. Mwenye shamba, anayechukua sehemu kubwa ya thamani ya jasho la wote wawili, hayumo katika hesabu ya wezi. Huo ndio ustadi wa propaganda ya kibepari: haisemi uwongo katika kila neno, bali inachagua mahali pa kuelekeza macho ya mtazamaji.

Tusiwe wepesi wa kulaani kila kitu. Filamu nyingine ya Vugiri ilifundisha juu ya safura, na choo ni choo, kiwe kimehimizwa na mkoloni au na Chama.

Wajerumani nao hawakukaa kimya. Mwaka 1941, chini ya utawala wa Hitler, ilitolewa filamu "Carl Peters", iliyoongozwa na Herbert Selpin na kuchezwa na Hans Albers. Humo Peters ni shujaa aliyesalitiwa na wanasiasa wa nchi yake. Sisi tunamjua kwa mikataba ya ulaghai ya mwaka 1884 katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, na kwa kuwanyonga Mabruk na msichana Jagodja huko Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, ukatili ambao hata serikali yake iliuonea haya ikamfukuza kazi mwaka 1897. Wananchi walimpa jina lake: Mkono wa Damu.

Filamu inayostahili uchambuzi mrefu zaidi ni "Men of Two Worlds" ya Thorold Dickinson, iliyotolewa mwaka 1946 kwa msaada wa serikali ya Uingereza, na ambayo sehemu yake ilipigwa Tanganyika wakati wa vita. Kisenga, mwanamuziki Mwafrika aliyesifiwa London, anarudi kijijini kwao. Malale inaua watu. Bwana Shauri, Randall, anataka kijiji chote kihamishwe. Mganga Magole anapinga. Magole anamtishia Kisenga kwa uchawi, na msomi huyo anakaribia kufa kwa hofu. Mwishoni Bwana Shauri ndiye anayeonekana mwenye haki. Chama cha wanafunzi wa Afrika Magharibi huko London kiliipinga filamu hii, nacho kilikuwa na sababu.

Swali la msingi ni hili: malale ilitoka wapi? Filamu inajibu kwamba ilistawi kwa sababu ya ujinga na ushirikina. Utafiti wa historia, hasa wa Helge Kjekshus uliochapishwa mwaka 1977, unajibu vingine. Wakulima na wafugaji wa karne ya 19 walikuwa wakiyadhibiti mazingira yao kwa kufyeka, kuchoma nyasi na kuchunga. Ikaja sotoka katika miaka ya 1890, ikamaliza ng'ombe. Ukaja uvamizi wa Wajerumani, kisha vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambamo jeshi la mkoloni lilichoma mashamba na maghala na njaa ikaua umati wa watu. Mashamba yakawa vichaka, na vichakani akaingia mbung'o. Kwa hiyo Randall anakuja kutibu jeraha ambalo utawala wa kigeni ulishiriki kulichimba, na filamu inamtaka mgonjwa ashukuru.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Kati ya mwaka 1973 na 1976 sisi wenyewe tuliwahamisha mamilioni ya wananchi katika Operesheni Vijiji. Shabaha ilikuwa tofauti: shule, maji, zahanati na kazi ya pamoja. Lakini mahali pengine nyumba zilichomwa ili watu wasirudi, na mzee aliyeuliza kwa nini anaondolewa kwenye ardhi aliyoijua aliitwa mpinga maendeleo. Kada aliyefanya hivyo alikuwa akiigiza nafasi ya Randall, ingawa alivaa shati la kijani. Mkufunzi anayeionyesha filamu hii darasani bila kulisema jambo hilo anafundisha nusu ya somo.

"Hatari!" ya Howard Hawks, yenye John Wayne, ilipigwa karibu na Arusha na kutolewa mwaka 1962. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961; mtazamaji hawezi kulijua hilo kwa kuitazama. Faru amepewa nafasi kubwa kuliko Mwafrika.

"Africa Addio" ya Waitaliano Jacopetti na Prosperi, ya mwaka 1966, ni shauri zito zaidi. Inaonyesha kutoka angani maiti za Zanzibar za Januari 1964. Watu waliuawa kweli, na mwanamapinduzi mkweli hafichi hilo. Lakini filamu inawaonyesha wafu bila kutaja mashamba ya karafuu yalikuwa ya nani, wala uchaguzi wa Julai 1963, ambapo ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura na kuambulia viti 13 kati ya 31. Historia ikifutwa, kinachobaki machoni ni ushenzi wa Mwafrika, na hiyo ndiyo biashara ya filamu ile.

Majibu yetu yamekuja polepole. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, nayo haipo tena. "Arusi ya Mariamu" ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, mwaka 1985, inasimulia juu ya mwanamke mgonjwa ambaye hospitali inamshindwa, naye anaogopa waganga wa jadi. Hatimaye mganga ndiye anayemsaidia. Ukiitazama baada ya ile ya Magole, utaona tofauti ya kamera iliyoshikwa na mtu wa nyumbani. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi, inairudisha Zanzibar ya miaka ya 1950 kwa Yasmin na Denge, siyo kwa helikopta.

Kati ya filamu za Vugiri zinajulikana kubaki tatu tu, nazo zimehifadhiwa London. Moja inawaonyesha wakulima wa Kingolwira, Morogoro. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazee sana, na waliobaki si wengi. Nakala iletwe Kingolwira, itundikwe shuka, na wazee waulizwe yule anayelima ni nani.