Kabla ya Facebook, Leso

Injini ya boti ya binamu yangu ilipoibwa usiku hapa Muhuru Bay, mimi ndiye nilipewa kazi ya kuiandikia Facebook, ati kwa sababu nimesoma. Nikaandika kweli. Nilianza na taabu za wavuvi, nikapitia bei ya omena, nikagusia ulinzi ziwani. Rangi ya injini niliitaja mwisho kabisa. Kufikia saa sita mchana nilikuwa na laiki nne, mbili za jamaa zangu.

Mama alikuwa anaanika omena, leso kiunoni. Akaniambia nimsomee. Sikufika nusu.

"Nyathina," akasema, "hii leso ina maneno matano tu, na watu huisoma."

Huisoma kweli. Leso zilianza kuvaliwa pwani karne ya 19, wanawake waliposhona pamoja vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara. Jina lenyewe tulilipata kwa Wareno. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Kule Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na mpaka leo utaona "Mali ya Abdulla" kwenye leso zake.

Waliozichora walilijua jicho la mtu. Pindo nene huzunguka pande zote nne. Katikati kuna mji, wenye maua au korosho. Chini yake ndipo hukaa jina, yaani yale maneno: mstari mmoja, herufi kubwa tupu, mara nyingi ndani ya kisanduku chake. Aya hakuna. Na ukijifunga kiunoni, jina huangukia nyuma, kwa hivyo msomaji ni yule anayekufuata njiani. Jirani aliyekukosea atajisomea mwenyewe, wewe hujafungua mdomo! Leso huwa na mtu wake. Posti yangu haikuwa na mtu. Ilikuwa inaongea na serikali, na Mungu, na kila mpita njia.

Hata ufuoni kwetu ni hivyo hivyo. Boti hupakwa rangi kali na kuandikwa jina ubavuni, ulisome ukiwa mbali majini. Nimezipita tangu utotoni na bado niliandika vile.

Nikafuta yote. Nikaweka picha ya boti, injini ikionekana vizuri, nikaizungushia pindo jekundu. Chini, kwa herufi kubwa nyeupe: INJINI HII IMEIBWA. UKIIONA PIGA. Kisha namba ya binamu.

Jioni posti ilikuwa imefika Karungu. Kesho yake ikavuka mpaka hadi Shirati, Tanzania, na mwanamume mmoja akapiga kutoka huko. Injini hakuwa ameiona. Alitaka kujua kama sasa boti inauzwa.

Binamu alikaa na simu mkononi kitambo, halafu akamuuliza atatoa ngapi.