Fundi Asiyefika Ofisini

Mwajiri anaogopa nini anapokataa kumsomesha mfanyakazi wake? Jibu tunalolisikia kila mara ni kwamba akishaiva ataondoka. Mimi nasoma uzamili wa historia, na hoja hiyo hunipeleka Katanga, kusini mwa Kongo, ambako kampuni moja iliogopa jambo jingine.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 ili kuchimba shaba. Mwanzoni ilitegemea vibarua wa mikataba mifupi, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mtu alikaa miezi michache, akaizoea kazi, kisha akarudi kwao; kampuni ikaanza upya na mgeni. Maradhi na vifo kambini vilizidisha hasara.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo. Ilitoa mikataba ya miaka 3, ikaruhusu wafanyakazi kuishi na wake zao, ikajenga zahanati na shule za watoto zilizosimamiwa na wamisionari Wabenedikto. Waafrika walifundishwa kuendesha mitambo na kufanya kazi za ufundi ambazo migodi ya Afrika Kusini iliwawekea Wazungu. Haikuwa hisani: fundi kutoka Ulaya alikuwa ghali. Mafunzo yalilipa, na wengi wakabaki.

Lakini yalikuwa na mpaka. Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi mgodini, Kifaransa lugha ya ofisini. Mtu aliweza kuijua mashine yake kwa miaka 20 bila kuoneshwa hesabu za shaba aliyoitoa. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma Élisabethville, Lubumbashi ya leo, wakidai mishahara bora. Askari wakawapiga risasi.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha kampuni. Mgodi ukawa wa taifa, lakini uendeshaji na uuzaji wa madini ukakabidhiwa, kwa malipo, Société Générale des Minerais, kampuni ya ukoo uleule.

Kwa hiyo, kuuliza kama kampuni iwafunze watu wake ni kuuliza nusu ya swali. Union Minière iliwafunza, ikafaidika. Nusu ya pili ni hii: mafunzo hayo yanaishia wapi? Siku ukiitwa kwenye semina kazini, angalia nani anafundishwa kuendesha mashine, na nani anafundishwa kusoma mahesabu.